Gemu Moja, Mashine Tofauti: Hotuba kwa Wachezaji na Wenye Vibanda wa Arusha na Moshi

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi pale Ngarenaro kwenye kikao cha wenye vibanda vya gemu na wachezaji. Wengi hamkufika na mmenitumia meseji nyingi, kwahiyo naiweka yote kama ilivyotoka mdomoni. Zile picha nilizoonyesha kwenye tivii nimeziruka, maneno yanatosha.

Wa Ara mpo? Wa Moshi mmefika? Nawaona wa Pasua pale nyuma, nawaona wa Majengo, asanteni machalii zangu kwa kupanda Kosta asubuhi yote na baridi hii. Mama mwenye ukumbi shikamoo, asante kwa viti na asante kwa umeme. Na wazazi wachache mliokuja shikamooni, najua mmekuja kuona hela yenu inaishia wapi, karibuni sana, leo nyie ndo mtafaidi kuliko wote.

Naanza na swali na naomba mikono juu. Umeenda kibandani Kaloleni umeikuta EA FC, ile gemu ya mpira iliyokuwa inaitwa FIFA, kwenye PS4, umecheza, umetoka umeenda Njiro kwa jamaa yako umeikuta EA FC hiyo hiyo kwenye PS5. Jina lile lile, kava lile lile, timu zile zile. Umecheza gemu moja au umecheza gemu mbili?

Wangapi wanasema moja? Haya, ni wengi. Wangapi mbili? Mko wanne watano hivi. Mi nimekuja kusimama na hao wanne watano. Jina kwenye kava halikwambii unachokinunua, na kila siku naona watu wanatoa laki na malaki kwasababu ya jina, anafika nyumbani anaanza kulalamika gemu mbovu, mashine mbovu, padi mbovu. Kumbe alitakiwa aulize swali moja tu kabla hajatoa hela: hii gemu, kwenye mashine hii, inakwendaje? Siyo "ni nzuri?" Inakwendaje!

Jambo la kwanza ni macho na mkono. Ukisikia watu wanabishana grafiksi karibu wote wanaongelea macho, yaani picha ikoje, majani yakoje, jasho la mchezaji linaonekana au halionekani. Hiyo ni rezolusheni, yaani picha ina vidoti vingapi, hivyo ndo pikseli, na urembo wake. Lakini kuna kitu cha pili ambacho hakionekani kwenye picha iliyosimama, huwezi kukiona kwenye posta, huwezi kukiona WhatsApp, nacho ni fremu, yaani mashine inachora picha ngapi kila sekunde. Macho yanakula pikseli. Mkono unakula fremu.

Ngoja niwape kisa. Mwaka 2013 mwezi wa 11 PS4 ya Sony na Xbox One ya Microsoft zilitoka Marekani zikipishana wiki moja. Call of Duty: Ghosts ikatoka kwenye zote mbili. PS4 ikaichora kwa 1080p, ambayo ni pikseli 2,073,600. Xbox One ikaichora kwa 720p, pikseli 921,600, alafu ikaivuta picha ijaze tivii. Zaidi ya mara mbili! Gemu moja, mwaka mmoja, kampuni ile ile imeitengeneza, na mashine mbili ambazo mtu wa dukani angekwambia ziko sawa tu maana zote zina prosesa za familia moja za AMD na zote zina ramu GB 8.

Sasa kwanini? Kwasababu ramu siyo idadi tu. PS4 walitia ramu ya GDDR5 ambayo ina kasi kubwa, Xbox One wakatia DDR3 ambayo ni ya taratibu, wakaisaidia na kumbukumbu ndogo ya MB 32 iliyokaa ndani ya chipu kabisa, hiyo ina kasi lakini ni ndogo, na picha ya 1080p na matabaka yake yote inabanana humo. Alafu chipu ya grafiksi, nguvu yake ya kupiga hesabu inapimwa kwa teraflopsi, PS4 teraflopsi 1.84, Xbox One 1.31. Ndo hapo pengo lilipotokea. Battlefield 4 mwaka huo huo ikawa 900p kwenye PS4 na 720p kwenye Xbox One, kwahiyo haikuwa bahati mbaya ya gemu moja.

Ila sikilizeni mwisho wa kisa maana ndo wenye faida. Waliopima Ghosts kwa vifaa walikuta PS4, na pikseli zake zote hizo, kuna sehemu za misheni ilikuwa inapoteza fremu. Picha safi lakini inashtuka. Swali: kati ya picha safi inayoshtuka na picha yenye ukungu kidogo inayotiririka, ipi inakufungia goli?

Hesabu yake ni hii. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila milisekunde 16.7 unapata picha mpya. Fremu 30 ni kila milisekunde 33.3. Ukibonyeza pasi, mashine lazima ikusome, ipige hesabu, ichore, itume kwenye tivii. Kwenye fremu 30 unasubiri mara mbili. Ndo maana gemu za mpira, gemu za ngumi na gemu za magari ya mashindano waundaji wanakufa na fremu 60, wako tayari kupunguza mashabiki jukwaani, wapunguze nyasi, wapunguze vivuli, ila 60 ibaki. FIFA ilikuwa inacheza kwa 60 tangu enzi za PS3. Kwahiyo ukinisikia mi nasema fremu kwanza pikseli baadaye msidhani nimeitoa kichwani, ndo wanavyofanya wenyewe.

Na hapa naomba wenye vibanda mnisikilize vizuri kinoma. Kuna kijana wa Kijenge, mchezaji mzuri, kila akicheza kwenye tivii ya kushoto pale kibandani anakula bao, akihamia ya kulia anashinda. Mashine ni PS4 mbili, zote zile nyembamba, CD ya mwaka mmoja. Watu wakaanza kusema padi imechoka, wakabadilisha padi. Wakasema mashine imechoka, wakabadilishana mashine kulia kushoto. Bado! Nikaitwa. Nikachukua rimoti ya tivii ya kushoto nikaingia kwenye settingi za picha, nikakuta ipo kwenye modi ya sinema, na ile settingi ya kulainisha mwendo wa picha imewashwa hadi mwisho. Tivii inapokea picha kutoka PS4, badala ya kuionyesha inakaa nayo inaipamba kwanza, inatengeneza na picha za katikati ambazo hazipo, ndo inaonyesha. Kuna tivii kwenye modi hiyo zinachelewa zaidi ya milisekunde 100. Piga hesabu, kwa gemu ya fremu 60 hizo ni fremu sita nzima! Kipa ameshatoka, we bado unamwona yuko golini. Nikaweka modi ya gemu, yule kijana akabonyeza padi kidogo tu hata mechi haijaanza, kwenye menyu, akageuka akaniangalia. Aliihisi kwenye kidole.

Kwahiyo wenye vibanda leo usiku kabla hamjafunga, kila tivii, modi ya gemu. Kila tivii. Haina gharama. Kabla hujamshauri mteja kwamba PS5 ni nyepesi kuliko PS4 hakikisha kwanza unalinganisha mashine na siyo tivii.

Jambo la pili. Kila kinachokosekana kwenye mashine yako kuna mtu alikaa akaamua kikosekane. Naomba hii muichukue kwa heshima maana watu wanadharau sana gemu za mashine ndogo, anasema "hii wameiharibu". Hapana. Kuna mtu alikaa usiku na mchana akachagua kipi kife ili kingine kiishi.

Nani hapa hajacheza GTA San Andreas? Hamna. Hata wazazi mnaijua kwa sauti. Ilitoka 2004 kwenye PS2. Sasa PS2 ina ramu kuu ya MB 32 tu. Sijasema GB, nimesema MB, simu ya mtoto wako ina ramu mara mia na zaidi ya hapo. Na ndani ya hiyo MB 32 wakaweka miji ya Los Santos, San Fierro, Las Venturas, majangwa, milima, treni, ndege, na hakuna sehemu inasimama ikwambie subiri napakia ukiwa unaendesha. Waliwezaje? Mashine inashika kile tu kilicho karibu na wewe, ukisogea inatupa cha nyuma inavuta cha mbele kutoka kwenye CD. Na kule mbali ambako hakijavutwa bado, wakaweka ukungu. Ule ukungu wa rangi ya machungwa wa Los Santos jioni, mnaukumbuka? Nyie wa Sakina mnajua Meru ikifunikwa asubuhi hata huwezi kusema mlima uko umbali gani, unaona tu kuna kitu kikubwa kule. Ndo hivo hivo. Ukungu ulificha kwamba mashine haina nguvu, na hapo hapo ukafanya nchi ionekane haina mwisho.

Sasa mwaka 2021 mwezi wa 11 likatoka toleo jipya la San Andreas kwa mashine za kisasa. Mashine zina nguvu, ukungu wa nini? Ukatolewa. Ukapanda juu ya Mount Chiliad unaangalia chini, unaona kila kitu, unaona mji huu hapa na mji ule pale, na watu wakashtuka kugundua nchi yote ni ndogo vile. Picha safi zaidi, mashine bora zaidi, na kitu kimekufa. Kelele zikapigwa miaka mitatu, 2024 ikaja apdeti ikarudisha mwanga wa zamani na ukungu wake. Mi ile apdeti nilifurahi kweli, kwasababu kuna watu walikiri kwamba yule wa 2004 na MB 32 zake alikuwa anajua anachofanya.

Mnaona? Nguvu ya mashine peke yake haikupi gemu nzuri.

Kisa kingine, hiki kifupi. The Witcher 3, gemu kubwa kama nini, 2019 wakaipeleka kwenye Nintendo Switch, mashine ya kushika mkononi yenye ramu GB 4. Ukiishika mkononi rezolusheni inashuka mpaka 540p, ukiichomeka kwenye tivii inafika 720p, fremu 30. Walikata majani, wakakata vivuli, wakapunguza ubora wa kuta na nguo. Hadithi hawakugusa. Misheni zote zipo, na nyongeza zake mbili zipo, zote kwenye katriji ya GB 32. Ukiipeleka kwenye tivii kubwa ya kibanda utaichukia. Ukiwa kwenye basi la Dar umeishika mkononi, kioo kile kidogo, utashukuru. Mashine gani, kioo gani, unakaa wapi. Kulinganisha bila kuuliza hayo ni kelele tu.

Na kuna mahali kilichokatwa siyo picha, ni kitu chenyewe, na hapa tena wenye vibanda mtege sikio. Baldur's Gate 3 ilitoka PS5 mwezi wa 9 mwaka 2023. Xbox ikachelewa mpaka mwezi wa 12. Sababu? Xbox zipo mbili, Series X yenye ramu GB 16 na Series S yenye GB 10, na Microsoft walikuwa wanataka gemu iwe na vitu vile vile kwenye zote mbili. Ile sehemu ya watu wawili kucheza kwenye tivii moja, kioo kinagawanywa kati, inataka mashine ichore dunia mara mbili. Kwenye GB 10 ikagoma. Wakaruhusiwa kuitoa bila hicho kitu kwenye Series S, na kikaja kurudishwa kwenye apdeti kubwa ya namba 8 mwaka 2025.

Sasa kibanda kinaishi kwa nini? Kwa padi mbili! Mtu akija peke yake anacheza peke yake hiyo ni hela ndogo, hela ni wawili wakibishana. Unanunua Series S kwasababu ni rahisi kuliko zote, na kweli ni rahisi na kwa mpira iko vizuri kabisa, lakini kuna gemu ambayo jina lake ni lile lile na kwenye mashine yako sehemu ya padi mbili ilikuwa haipo mwaka mzima na zaidi. Muuzaji atakwambia? Hatakwambia, hajui. Uliza wewe.

Jambo la tatu ni mpira, najua ndo mlilokuja kusikia, na hapa ndo sitaki kupita haraka.

Kuna miaka gemu ya mpira ilikuwa inatoka kwa jina moja ikiwa na roho mbili tofauti. FIFA 17 kwenye PS4 na Xbox One ilihamia kwenye injini mpya ya Frostbite, yaani programu inayoiendesha gemu, na ikaja na ile hadithi ya kijana Alex Hunter. Kwenye PS3 mwaka ule ule, kava lile lile, hamna Frostbite, hamna Alex Hunter. FIFA 18 ya PS3 wenyewe waliiandika Legacy Edition, yaani jezi mpya na vikosi vipya juu ya gemu ya zamani, na FIFA 19 ikawa ya mwisho kwenye PS3. Kwenye Switch wakaendelea na mtindo huo huo wa Legacy kuanzia FIFA 20 mpaka FIFA 23. Mtu analipa kila mwaka anapata jezi. Hakuna aliyedanganywa, imeandikwa pale kwenye kava, ila nani anasoma kava? Wangapi hapa mnasoma kava?

Alafu ikaja FIFA 22, 2021. Wakavalisha wachezaji 22 nguo za kupimia mwendo, wakawachezesha mechi kamili kumi na moja kwa kumi na moja, na mienendo yao ikaingizwa kwenye gemu, wakaiita HyperMotion. Ikaingia wapi? PS5, Xbox Series na Stadia, ile huduma ya Google ya kucheza kupitia mtandao. Basi. PS4 hamna. Xbox One hamna. Na hata kompyuta, unajua mtu ana kompyuta ya mamilioni, akapewa toleo la kizazi cha PS4! Mpaka FIFA 23 ndo kompyuta ikaingizwa upande wa wakubwa.

Kwahiyo mchezaji wa PS4 na mchezaji wa PS5 hawajifunzi mpira mmoja. Beki anageuka tofauti, mpira unatulia mguuni tofauti, mwendo wa mtu anayekimbia bila mpira ni tofauti. Siongelei nyasi hapa! Naongelea kitu ambacho kidole kinakizoea. Chalii amejifunza miezi yote kwenye PS4 anajua akichukua winga akiteleza ndani akapiga pale kona ya mbali inaingia, unampeleka kwenye fainali unamkalisha kwenye PS5, ile nusu sekunde aliyoizoea haipo pale alipoiacha. Anapigwa tatu, watu wanasema ana presha. Hana presha. Amepewa gemu nyingine.

Na wenye gemu wenyewe wanalijua hilo. FIFA 23 walipofungua kucheza mtandaoni kati ya mashine tofauti, waliweka PS4 na Xbox One pamoja, PS5 na Xbox Series na kompyuta pamoja, na wakaweka ukuta katikati. Mwenye PS5 hawezi kukutana na mwenye PS4 mpaka mwenye PS5 aweke toleo la PS4. Sony dhidi ya Microsoft wanaruhusiwa kukutana, kizazi dhidi ya kizazi hapana! Sasa kama kampuni yenyewe imeona PS4 na Xbox One ni ndugu kuliko PS4 na PS5, sisi hapa Arusha kwenye mashindano yetu tunachanganya kwa misingi gani? Makundi yanachezwa Unga Limited kwenye PS4, nusu fainali inahamia mjini kwenye PS5 kwasababu inapendeza kwenye picha. Mi kwangu hayo siyo mashindano. Chagueni mashine moja kuanzia mechi ya kwanza mpaka fainali. Ikiwa PS4 iwe PS4, hamna aibu, vibanda vingi vyetu vina PS4 na ndo mashine ambayo mtoto wa Sombetini na mtoto wa Kiborloni wote wameigusa.

Kuna mtu ananinyooshea mkono, ngoja namalizia jambo la nne alafu nakuja kwako kaka.

La nne ni hili ambalo sisi huku linatuumiza kuliko watu wa nje: vesheni. Wao kule wakinunua gemu inajidaunlodi apdeti usiku kwenye waifai, asubuhi imekamilika. Sisi bando. Gemu za sa hivi zinafika GB 100, apdeti moja inaweza kula bando lako la mwezi, kwahiyo vibanda vingi vinacheza kilichopo kwenye CD na mashine haijawahi kuona mtandao. Alafu unaangalia video YouTube mtu analinganisha PS4 na PS5, amepima kwenye gemu yenye apdeti zote, we nyumbani una ile ya siku ya kwanza. Hamuongelei kitu kimoja.

Cyberpunk 2077. Desemba 2020. Imesubiriwa miaka na miaka. Kwenye kompyuta kubwa ilikuwa inapendeza mpaka unaogopa, kwenye PS4 ya kawaida fremu zinashuka mpaka chini ya 20, watu wanatokea hawana nguo zilizokamilika, magari yanaota mbele yako. Sony wakaiondoa dukani kwao mwezi huo huo, wakarudishia watu hela, haikurudi mpaka Juni 2021. Gemu moja! Mmoja anasema gemu bora ya mwaka, mwingine anadai hela yake, na wote wanasema ukweli. Prosesa ya PS4 ilikuwa ya kizamani, hadi diski yake ya ndani inazunguka taratibu, na ule mji wa kwenye gemu una watu wengi kuliko inavyoweza kuvuta kwa wakati.

Apdeti zikaja moja baada ya nyingine na PS4 ikatulia kiasi, mpaka 2023 apdeti ya 2.0 ilipotoka wakasema basi, hii ni PS5, Xbox Series na kompyuta tu. Sasa CD ya PS4 ya siku ya kwanza bado inazunguka madukani kwetu na stendi. Ukiiweka kwenye mashine isiyo na mtandao unapata ile ile ya Desemba 2020, na makosa yake yote, leo hii. Kama una bando la kuishusha apdeti nunua, kama huna acha. Na alafu Juni 2025 gemu hiyo hiyo ikatoka Nintendo Switch 2, mashine ya mkononi, yote kwenye katriji ya GB 64, fremu 30 au 40 kulingana na modi utakayochagua. Mashine ya kushika mkononi inaicheza vizuri kuliko PS4 ilivyoicheza siku ya kwanza. Ina ramu GB 12, ina hifadhi ya kasi, na ina teknolojia ya Nvidia ya kuchora picha ndogo alafu kuikuza kwa akili ya mashine. Haya, niambieni bado mnataka kuhukumu mashine kwa ukubwa wa boksi?

Kaka uliyenyoosha mkono, ulitaka kuuliza teraflopsi. Nimekuona unaangalia simu. Xbox Series X ni 12.15, PS5 ni 10.28, kwahiyo kwanini Xbox haishindi kila gemu? Swali zuri na jibu ni fupi. Zilipotoka 2020, Assassin's Creed Valhalla ilikuwa inashika 60 vizuri zaidi kwenye PS5 kuliko Series X, mpaka apdeti zilipokuja kuweka sawa. Teraflopsi ni chipu inaweza kiasi gani ikitumika yote. Kuitumia yote inategemea zana walizopewa waundaji, kasi ya chipu, hifadhi, na muda waliopewa kabla ya kutoka. PS5 hifadhi yake inasoma GB 5.5 kwa sekunde, Series X GB 2.4. Kila mmoja ana sehemu anamzidi mwenzake, na kwenye gemu nyingi ukiziweka pembeni kwa pembeni hutaona tofauti ukiwa umekaa kwenye kochi. Usimuuze ndugu yako kwa namba hiyo.

Na kwasababu mtu aliniuliza nje kabla hatujaanza, hapana, PS5 ya Arusha haikimbii kuliko ya Dar kwasababu ya baridi. Walivyoitengeneza inapunguza na kuongeza kasi kwa kuangalia kazi ambayo chipu inafanya, haiangalii joto la chumba, makusudi kabisa ili kila PS5 popote ilipo icheze sawa. Vumbi sawa, safisheni, ila kwa ajili ya uhai wa mashine.

Namalizia na vitu vya kufanya. Wenye PS5, gemu nyingi zinakupa kuchagua. GTA V ya 2022 kwa mfano ina modi ya picha, 4K kwa fremu 30, na ina modi ya fremu 60. Mteja analipia kucheza, weka 60. Akitaka kupiga picha mandhari atabadilisha mwenyewe. Wazazi, mtoto akisema anataka PS5 muulize anacheza gemu gani, akitaja mpira peke yake na kwa rafiki zake wote kuna PS4, PS4 iliyotumika na yenye hali nzuri itamtosha sa hivi, akitaja gemu mpya ambazo PS4 hazitoki tena basi hana njia nyingine, mtoto yuko sahihi.

Na la mwisho kwasababu nimeulizwa na kila mtu kuanzia mlangoni. GTA 6. Trela ya kwanza ilitoka Desemba 2023 na mashine ambazo Rockstar, watengenezaji wake, wametangaza ni PS5 na Xbox Series X na S. PS4 haimo. Xbox One haimo. Kwahiyo mtu akikufuata Stendi Ndogo au pale Mbuyuni Moshi ana CD ya PS4 imeandikwa GTA 6, mrudishie mkononi, na mwambie na mwenzako wa pembeni asinunue.

Tivii zote mbili hapo mbele zimewashwa, PS4 kushoto PS5 kulia, zote modi ya gemu, nataka kila mtu ashike padi zote mbili kabla hajaondoka. Maswali sasa. Dada wa mbele anza.